Uzi wa Rangi ya Chozi

Mama alikuwa na madonge arubaini ya uzi
ndani ya bati la biskuti, kando ya cherehani,
na kila donge lilikuwa na jina:
damu ya mzee, maji ya kunde, ugoro,
bluu ya sare, bluu ya bendera,
kijani cha majani ya chai kabla ya mvua
na kijani cha baadaye.
Bibi harusi wa Kwamkoro akaleta kitambaa,
akasema nakishi ya kifuani iwe shingo ya chozi.
Hiyo mama hakuwa nayo.

"Shuka Muheza ukanitafutie," akaniambia.
"Kazi yangu haitoki mlangoni na uzi wa kukisia."

Sasa, rangi ya ndege utaiagizaje kwa mdomo?
Nikachemsha ulimbo wa fenesi,
nikaupaka kijiti, nikakichomeka
pale ua la mgomba linapoinama kama mtu aliyedondosha kitu.
Sikungoja hata uji upoe.
Alikuja akisema haraka haraka, tsi-tsi, tsi-tsi,
kama mdaiwa anayejifanya mdai,
akatua, akanasa.

Uzito wake? Barua isiyo na stempu.
Nilimfuta vidole kwa mafuta ya nazi,
nikamtia kwenye kopo la maziwa lenye matundu,
nikapanda lori la iliki, kopo mapajani,
na njia nzima ya Sigi, kona kwa kona,
nilisikia kucha zake zikiandika ndani ya bati.

Dukani kwa Jivraj kulikuwa na giza la saa sita mchana,
giza lenye harufu ya mpira na jora jipya.
Nikafunua kiganja.
Jivraj akavaa miwani, akaivua, akaivaa.
"Kijana," akasema, "huyu ni mweusi."
Nikatazama. Kweli, alikuwa mweusi,
mweusi wa kawaida, wa sufuria.
Akanipa donge la uzi mweusi, na chenji.

Nje, kwenye ngazi, jua lilimgusa
akawaka mkononi mwangu:
kijani, kisha zambarau, kisha rangi
ambayo bati la mama halikuwa na jina lake.
Nikaachia vidole kwa mshtuko, si kwa huruma,
niseme ukweli.
Akapita juu ya stesheni ya reli, akaenda zake.

Mama hakunipiga. Alicheka mpaka akashika meza.
"Rangi si yake, mwanangu. Kaazimwa na jua."
Bibi harusi akaolewa na nakishi nyeupe.

Yapo mambo ya lugha yetu yananishinda.
Ndege mwenye sherehe kuliko wote msituni
tukampa jina la kitokacho jichoni.
Labda aliyemwita hivyo
alimwona akidondoka toka ua hadi ua.
Labda alikuwa msibani.

Masika aliyofariki mama
watu walijaa uani kwetu Shebomeza.
Dada yangu Nasemba alilia hadi sauti ikakauka.
Shangazi zangu wakanitazama jicho kwa jicho:
huyu wa kiume kazaliwa na jiwe.
Nikatoka nyuma, penye migomba.
Na hapo nikapata chozi.
Moja tu.
Mmoja, nijisahihishe: alikuwa na mbawa.

Alikuwa jike, kahawia ya chai iliyopoa,
asiye na rangi ya kumtuma mtoto Muheza.
Alikuwa akishona.
Kiota kilining'inia kama kibindo cha muuza karanga:
utando wa buibui, kuvumwani, manyoya,
na kitu cheusi, chembamba, kirefu,
kikiingia na kutoka, kikiingia na kutoka.

Mzizi, pengine. Msitu wa Amani una mizizi mingi.
Lakini donge la Jivraj limekaa dirishani kwetu
tangu siku ile, hakuna aliyelitumia,
na limepungua.